Tovuti kwenye kompyuta ya nyumbani: angalia anwani ya ruta kabla ya kugusa mashine

Mkuu, umeuliza kama laptopu yako ya zamani na faiba ya nyumbani vinatosha kubeba tovuti ya duka lako la spea, uachane na kulipia hosting kila mwezi. Inawezekana. Tovuti ya kwaya yetu, yenye nota na rekodi za mazoezi, inatoka kwenye laptopu iliyoko sebuleni kwangu hapa Dar, na wanakwaya wanaifungua popote walipo. Ila wengi waliokujibu wamekimbilia RAM na prosesa. Kwa kurasa za kawaida hata Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, inatosha. Shughuli iko kwenye njia ya kuingilia.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1), tafuta palipoandikwa WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti), uisome anwani ya IP iliyopo. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, una anwani ya hadharani, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Kwangu ruta ilionyesha namba inayoanza na 100.72, huku nje ikionekana nyingine kabisa. Hiyo ndiyo CGNAT: mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, maana IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, una anwani kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Namba kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ukiwa humo, hata ufungue poti 80 na 443 (milango ambayo wageni wa tovuti huingilia) kwenye ruta usiku kucha, mgeni anaishia kwa mtoa huduma na ruta yako haipati habari.

Unaweza kumwomba mtoa huduma IP ya kudumu, ingawa wengi huiuza kwenye vifurushi vya biashara. Mimi nilikodi seva ndogo ya nje yenye IP ya hadharani, nikaiunganisha na laptopu kwa WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kati ya mashine mbili. Laptopu ndiyo inayoanza kupiga hodi nje, kwa hiyo CGNAT haizuii; weka PersistentKeepalive = 25 ili njia isijifunge ikikaa kimya. Kama hutaki kulipa hata hiyo, Cloudflare Tunnel inafanya kazi kwa mtindo huohuo bila malipo, unahitaji tu domeini yako. Ujue lakini kwamba trafiki ya wateja wako inafumbuliwa kwenye seva za Cloudflare kabla ya kufika kwako, yaani wao wanaweza kuisoma. Kwa picha za spea sioni shida. Kwa taarifa za wagonjwa au za mikopo ya watu nisingekubali.

Mwenye bahati ya IP ya hadharani inayobadilikabadilika atumie DuckDNS, huduma ya bure inayokupa jina linalofuata IP yako kila inapobadilika; inatosha.

Halafu kasi. Wewe umetaja Mbps 20, lakini hiyo ni ya kushusha. Mgeni anakula kasi yako ya kupandisha. Tuseme unapandisha kwa Mbps 10. Ukurasa wa MB 2 ni megabiti 16, yaani sekunde 1.6 kwa mtu mmoja. Kumi wakija kwa pamoja, kila mmoja anasubiri kama sekunde 16, na mteja wa spea hasubiri hivyo. Punguza picha zako hadi KB 100 kila moja kabla ya kuzipandisha, utaona tofauti kubwa kuliko ya kununua mashine mpya.

Umeme ukikatika, laptopu ina betri yake, ndiyo maana naipenda kuliko kompyuta ya mezani. Ruta na kile kisanduku cha faiba havina, kwa hiyo tafuta UPS ndogo inayolingana na volti zake, nyingi ni 12. Kwenye Linux, fungua /etc/systemd/logind.conf, uandike HandleLidSwitch=ignore; bila hivyo mtu akifunika laptopu tovuti inalala nayo.

Usalama usiuchukulie poa. Tovuti ikiwa hewani tu, kwenye logi utaona maombi ya /wp-login.php na /.env kutoka kwa watu usiowajua kabisa, hata kama hujawahi kuweka WordPress. Ni roboti zinazopita kila mlango. Kwa hiyo SSH (njia ya kuiendesha mashine ukiwa mbali) iingie kwa ufunguo, paswedi izimwe, masasisho yajiweke yenyewe, na laptopu hiyo isiwe na mafaili ya familia. Cheti cha HTTPS mwachie Caddy, programu ya seva ya tovuti; anakichukua na kukihuisha mwenyewe. Bakapu iende nje ya nyumba kila usiku, kwa sababu mwizi wa laptopu anaondoka na tovuti nzima.

Barua pepe ya duka usiiweke nyumbani. Poti 25, inayopitisha barua pepe kati ya seva, hufungwa na watoa huduma wengi, na hata ikiwa wazi, anwani za majumbani ziko kwenye orodha zinazokataliwa, ankara zako zitaishia kwenye spamu. Hiyo lipia.