Pampu Ingoje: Ushauri kwa Mama wa Kifungua Mimba

Binti wa hapa Lamu akifika mwezi wa saba wa mimba yake ya kwanza, simu hujaa orodha. Chupa sita, pampu ya umeme, mto wa kunyonyeshea uliopinda, mashine ya kupasha maziwa, chai ya kuongeza maziwa. Walioziandika orodha hizo wana duka chini ya nyumba. Sisi mzigo unashuka kwenye basi Mokowe, unapanda mashua, unapakiwa juu ya punda mpaka mlangoni, na kila mkono unaoupitisha unataka chake. Basi kabla hujatuma pesa Mombasa, nisikilize mimi niliyenyonyesha watoto watatu kwenye mji huu. Nunua vichache, na hiyo pampu ingoje.

Siku mbili tatu za mwanzo hakuna cha kukamua kwa mashine. Kinachotoka ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, tena vijiko vya chai tu. Wako wazee waliokuwa wakiyamwaga wakiyaona machafu. Akija wa kukwambia hivyo, mwitikie kwa adabu na umpe mtoto ziwa. Dang'a ina kinga nyingi, na tumbo la mtoto siku hiyo ni dogo mno, kwa hiyo matone hayo yanamtosha. Awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Hata aliyepasuliwa anaweza, mradi apate wa kumshikia. Baada ya hapo ni kumpa kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku wake. Wingi wa maziwa huja kati ya siku ya pili na ya tano, na huletwa na huko kunyonya.

Kuhusu tende ya sunna, ile anayopakwa mtoto kinywani akishazaliwa, ongeeni na mkunga mapema ili ifanywe kwa kiasi kidogo na kwa mikono iliyooshwa. Asali hapana. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asionjeshwe asali, hata ikiwa safi namna gani, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli yake hadi ashindwe kunyonya na kupumua.

Ukiwa hospitali, kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, mwombe nesi akae kitako akutazame unavyonyonyesha, tangu mtoto anaposhika mpaka anapoachia. Maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi. Kama hakuna nesi mwenye nafasi, mtafute mamkuu au jirani aliyelea wengi. Hili halinunuliki dukani, na ndilo litakalokuokolea pesa zote nyingine.

Atakachokuonyesha ni hiki. Mlete mtoto kwenye ziwa, usiinamishe ziwa kumfuata mtoto, maana mgongo wako utalia kabla ya wiki kwisha. Tumbo lake likutane na lako. Kichwa, shingo na mgongo vinyooke. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afunue kinywa wazi kabisa, hapo ndipo umvute kwako bila kusitasita. Akishika sawasawa kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Utasikia anameza. Ukisikia kidoko, au ukiona mashavu yanabonyea ndani, amekamata chuchu peke yake. Usimng'oe. Penyeza kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa kinywa mpaka mnyonyo uachie, kisha anza upya. Kuuma kidogo mwanzoni mwa kunyonya hutokea siku za kwanza, lakini maumivu yanayodumu mpaka mwisho si sehemu ya uzazi, na wanaokwambia uvumilie hawakusaidii. Chuchu nyingi zilizopasuka chanzo chake ni ushikaji mbaya, na ukipaka krimu bila kurekebisha ushikaji, kesho zitapasuka tena. Baada ya kunyonyesha kamua tone, lipake, liache likauke. Sabuni kwenye chuchu iache, inakausha ngozi.

Kuegemeza mtoto, mito miwili ya kitandani na leso iliyokunjwa inatosha. Ule mto wa dukani ni sponji tupu. Jaribu kuukumbatia mwezi wa Februari uone.

Leso ndiyo inayofanya kazi kuliko kifaa chochote, na mzazi anazihitaji nyingi kuliko anavyodhani: ya kumlalia mtoto, ya kujifunika, ya kufutia, ya kutandika unapolala na maziwa yanachuruzika. Chukua kuukuu. Leso mpya ina wanga, inakwaruza, tena hutoka rangi, kwa hiyo ulizoletewa zawadi zifue mara mbili tatu kabla hazijamgusa mtoto. Zilizochakaa kabisa zikate duara la ukubwa wa kiganja, tabaka tatu au nne, uzishone pembeni. Hizo ndizo pedi za ndani ya sidiria. Badilisha kila zinapolowa na uzianike juani, maana unyevu na joto letu huleta fangasi, na mtoto naye huota utando mweupe kinywani. Mkipata, mtibiwe wote wawili, la sivyo mtakuwa mnaambukizana tu.

Nguo: dera lenye zipu kifuani, buibui la vifungo mbele, sidiria ya pamba isiyo na waya na isiyobana. Ukivuka kwa mashua na mtoto akalia, unafungua zipu, unashusha mtandio, na hakuna anayejua kinachoendelea. Mafuta mazuri na udi vipake mbali na kifua, mtoto anaitambua harufu yako. Na chetezo, jamani, mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Fukiza nguo zako ukumbini.

Sasa maji, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapogombana. Kaskazi ikivuma na paa likachemka, kila anayeingia humwonea mtoto huruma. Mavyaa wangu, Mungu ampe umri, alisimama juu ya kitanda changu na kijiko mkononi: "Mwanangu, sisi sote tumekauka, huyu hana kiu?" Sikubishana naye. Siku ya kliniki nilimwomba anisindikize, na nesi akamfungulia kile Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, akamwambia kwa upole, "Bi mkubwa, maziwa ya mama sehemu kubwa yake ni maji. Akiona kiu, mama ampe ziwa tena." Mavyaa akauliza, hata joto hili la kwetu? Hata hili, akajibiwa, hadi miezi 6. Alipotoka pale yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza wageni na vijiko vyao. Kwa hiyo sitoi ushauri wa kushindana na wakwe. Mpeleke kliniki yule mwenye sauti nyumbani, asikie mwenyewe.

Sababu nazo zieleweke. Tumbo likijaa maji, mtoto ananyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa hutengeneza kidogo. Tena kijiko cha maji yasiyochemshwa kinatosha kumletea kuhara. Mwenye kuhitaji maji ni wewe. Weka jagi pale unapokaa kunyonyesha, na usisubiri mtu akuletee.

Wasiwasi mwingine ni "maziwa yangu hayatoshi." Kulia jioni si ushahidi, watoto hulia jioni. Kutaka ziwa kila baada ya muda mfupi pia si ushahidi. Tazama nepi: kuanzia siku ya tano hivi akojoe mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo usiwe wa rangi kali. Tazama uzito: watoto hupungua kidogo siku za kwanza, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa kwenye wiki ya pili. Ikiwa nepi ni kavu, au mtoto amelegea na haamki kunyonya, mpeleke hospitali, usingoje Jumatatu.

Siku maziwa yanapojaa, kifua huweza kuwa kigumu hata mtoto ashindwe kushika. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika chache, kamua kidogo kwa mkono hadi pale panapozunguka chuchu palainike, ndipo umpe. Akimaliza, weka kitambaa baridi. Na hapa niseme na wakandaji wetu, ambao nawaheshimu kwa kiuno na mgongo: ziwa lililovimba halibonyezwi kwa nguvu. Ukilikanda kwa kulikamia, uvimbe huzidi. Ukiona sehemu nyekundu yenye moto, na homa na mwili kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, huku ukiendelea kunyonyesha ziwa hilohilo. Maziwa yake hayamdhuru mtoto. Kuyaacha yajae humo ndiko kunakokaribisha jipu.

Tumefika kwenye pampu. Kwa mama ambaye mtoto ananyonya vizuri na hana safari, haina haraka hata kidogo. Anayehitaji ni yule anayerudi kazini, au aliyetenganishwa na mtoto kwa ugonjwa. Jifunze kwanza kukamua kwa mkono: osha mikono, kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bana na uachie, bila kuburura ngozi. Mwanzo yatatoka matone. Mkono ukizoea, mama wengi hujaza kikombe.

Ukinunua, mimi nachagua ya mkono mbele ya ile ya umeme, kwa sababu stima zetu mnazijua. Angalia faneli inayokaa kwenye ziwa: pampu nyingi huja na ya milimita 24, na si kila chuchu inaenea humo. Ikikubana au ikivuta hata weusi wa pembeni, utaumia na maziwa hayatatoka, kisha utasema huna maziwa. Vipande vyake vioshwe kwa sabuni na kuchemshwa. Maji yetu ya chumvi yakiacha ukoga mweupe, chemsha kwa maji ya mvua au ya chupa.

Maziwa yaliyokamuliwa yakae nje kwa muda usiozidi saa 4, na kwa joto letu ni afadhali upunguze. Kwenye friji siku 4, nyuma kabisa, mbali na mlango. Kwenye friza miezi 6. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yapashe kwa kutia chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Mimi nilikuwa nikivuka kwenda kazini Mokowe na sanduku dogo la barafu. Stima zikikatika, wauza samaki wana barafu kabla ya mtu yeyote. Ifunge kwenye mfuko wake mbali na maziwa, harufu ya papa haina adabu.

Na zile chupa sita? Sikununua hata moja. Kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, kinafaa kuliko chupa: hakina pembe za kuficha uchafu, kinachemshwa na kukauka mara moja. Mkalishe mtoto wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie.

Wenye kuajiriwa wajue haki zao. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua, penye pa kunawia mikono, pa kupozea maziwa, meza na kiti, na pasiwe chooni. Tena inakupa muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa 1 katika saa 8 za kazi. Nenda na maneno hayo kwa mkubwa wako kabla hujaanza likizo, si siku unaporudi kifua kimekujaa. Na ukikuta mtu dukani anakunadia maziwa ya kopo kuwa bora, sheria ya mwaka 2012 imekataza matangazo hayo, ya chupa zake pia.

Chakula sitakieleza sana, kwa kuwa hapa kwetu mzazi halali njaa. Supu ya pweza, uji, tende, samaki, mchicha wa nazi, kula vyote. Vinakupa nguvu wewe. Kiasi cha maziwa kinategemea zaidi jinsi ziwa linavyonyonywa. Uwatu, zile mbegu chungu, wengine wanausifu kwa kuongeza maziwa. Unaweza kuvuruga tumbo na kushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aulize daktari kwanza. Jasho lako nalo litanuka uwatu, shuka pia.

Neno la mwisho ni kwa mnaokuja kumwona mzazi kabla ya arubaini yake. Njooni na sufuria ya uji, samaki aliyekwisha pikwa, au ingieni uani mchukue nepi mkafue. Poda na sabuni za mtoto tunazo mpaka atakapoanza chuo.