Jiwe la chumvi lipo, ng'ombe bado anatafuna mifupa

Swali: Daktari, niko Muheza, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Mchana nawafunga chini ya michungwa, jioni nawakatia mabingobingo. Mmoja anatafuna mifupa, matambara, hata udongo wa kichuguu. Jiwe la chumvi nimemtundikia na analilamba, lakini hajaacha. Kwani chumvi haimtoshi?

Jibu: Mama, kabla ya yote okota mifupa yote iliyozagaa na uifukie leo hii. Mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu: ng'ombe hulegea miguu, ulimi hukosa nguvu, na akishalala chini ni nadra kuinuka tena.

Sasa hilo jiwe. Kama ni la chumvi tupu, linampa sodiamu. Kwa dalili ulizozitaja, mimi nashuku anakosa fosforasi, madini yanayojenga mifupa. Udongo mwekundu kama wa Muheza una chuma na aluminiamu nyingi, nayo huing'ang'ania fosforasi hata mizizi ya majani ikashindwa kuivuta. Kiangazi mambo huzidi, kwa sababu majani yakikomaa fosforasi huhamia kwenye mbegu na mizizi, na ng'ombe hubaki kujaza tumbo kwa mabua. Huku nyuma unamkamua! Kila lita ya maziwa huondoka na takriban gramu 1 ya fosforasi. Anayetoa lita 10 hupoteza gramu 10 kwa siku, na asipozipata horini huzichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana ng'ombe wa namna hii huchelewa pia kuingia joto.

Nunua DCP ya mifugo (dikalsiamu fosfeti, unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) kwenye duka la pembejeo. Ina fosforasi kama asilimia 18, kwa hiyo gramu 50 kwa siku, ukichanganya kwenye pumba, zinampa gramu 9. Pumba zenyewe na mashudu ya alizeti vina fosforasi nzuri ila kalsiamu kidogo. Majani ya glirisidia, ule mti wa malisho, yatasaidia upande wa kalsiamu. Tafadhali usimpe mbolea ya Minjingu eti kwa kuwa nayo ina fosforasi. Ina florini nyingi, inaharibu meno na mifupa.

Baada ya wiki chache akiendelea, mwite mtaalamu ampime minyoo. Samadi irudishe kwenye mabingobingo, na sampuli ya udongo ipeleke ikapimwe TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, ni hapo hapo wilayani kwenu.