Soma kadi yako kabla hujapakia gari

Juzi saa tano usiku simu ikaita. "Dada shikamoo, nipo Irun, huku mpakani mwa Ufaransa na Hispania." Kijana wa Morogoro, namfahamu kupitia mama mmoja wa kanisani. Ametoka Kassel tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, amepata kazi Lisbon, anaomba pa kufikia siku tatu nne. Nikamwambia karibu sana. Halafu nikamuuliza: kadi yako ya ukaazi imeandikwa nini? Kimya. "Si hii ya Ujerumani dada, ya kawaida tu."

Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Huyu ni wa nne kunipigia akiwa tayari njiani. Wote wana akili, wote wachapakazi, na wote wamepanga kila kitu: mafuta, hoteli, hata miziki ya kusikiliza. Kadi ndiyo hawakuisoma. Kwa hiyo wadogo zangu, naandika mara moja, msambaziane.

1. Soma mstari ulio chini ya "Art des Titels", yaani aina ya kibali. Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilifika Leipzig Oktoba 2013 kusoma, nikamaliza 2016, nikaajiriwa. Mnajua kwamba aliyesoma Ujerumani ana njia fupi: miaka miwili ya kazi na michango ya pensheni, unaomba kadi ya kudumu. Mwanzoni mwa 2019 nikaipata. NIEDERLASSUNGSERLAUBNIS, kwa herufi kubwa. Nililia ndani ya tramu. Nikampigia mama Tanga nikamwambia, mama, sasa Ulaya yote ni nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Niliyatunga mwenyewe na nikayaamini.

Ndoa yangu ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia na sikutaka tena kupita barabara zile zile. Nilitaka kuanza upya mahali penye bahari. Kampuni moja ya Lisbon ikaniahidi kazi ya kuhudumia wateja kwa Kijerumani. Mshahara mdogo kuliko wa Leipzig, sikujali. Nikarudisha funguo za nyumba, nikauza kitanda, nikaenda Bürgeramt, ofisi ya wakazi, nikafanya Abmeldung, yaani kujifuta kwenye orodha ya wakazi, nikapakia Golf ya zamani: masufuria, cherehani, mbuzi ya nazi niliyotumiwa na bibi, sanduku la vitabu. Tarehe 24 Aprili nikaondoka. Saarbrücken, Metz, Reims, zunguka Paris, Tours, Bordeaux, ile misonobari ya Landes isiyoisha, Irun, Burgos, Salamanca. Karibu kilomita 2,700 kwa siku tatu, na niliimba karibu njia nzima.

Siku ya kwanza ofisini, binti wa utumishi akaishika kadi yangu, akaigeuza, akaigeuza tena, akatoka nayo. Aliporudi alikuwa na glasi ya maji, akaiweka mbele yangu kabla hajasema lolote.

"Hii ni ya Ujerumani."

"Ndiyo, ya kudumu."

"Ya kudumu Ujerumani."

Maji yale sikuyanywa. Naikumbuka glasi yenyewe, ya plastiki ngumu, ina alama ya midomo ya mtu mwingine.

Sasa shikeni hili. Niederlassungserlaubnis ni ya kudumu ndani ya mipaka ya Ujerumani. Ukivuka, wewe ni mgeni wa siku 90 ndani ya kila siku 180, na mgeni haajiriwi. Kadi inayokubeba ni nyingine, Daueraufenthalt-EU, ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya. Hiyo inataka miaka mitano, na miaka ya chuo inahesabiwa nusu. Ukiwa nayo unahamia nchi nyingine na kuomba kibali cha huko ndani ya miezi mitatu tangu uingie. Haikupi kazi papo hapo, inakupa haki ya kuomba. Denmark na Ireland hazimo kwenye mpango huo. Wenye Blaue Karte, kibali cha wataalamu wenye elimu ya juu, mna njia yenu baada ya miezi 12, someni masharti yenu. Mimi nikahesabu kwa vidole mle mle ofisini: mwaka mmoja na nusu wa chuo, miwili na nusu ya kazi. Minne. Nilipungukiwa mwaka mmoja, na ningeujua kwa kuuliza swali moja tu Ausländerbehörde, ofisi ya vibali vya wageni, siku niliyochukua kadi.

Nikapanga chumba Amadora, pembeni mwa Lisbon. Kila niliyekutana naye alikuwa na ushauri: weka manifestação de interesse, yaani maombi ya kibali ukiwa tayari ndani ya Ureno, usubiri. Mwanasheria akasema inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na kampuni ikasema haitasubiri. (Mlango huo ulifungwa Juni 2024. Anayekwambia leo uingie kitalii halafu ujiandikishe anakusomea gazeti la zamani, hata kama ana nia njema.) Pesa ikaanza kuisha. Cherehani ndiyo iliyonilisha, nilikuwa napunguza suruali na kutia zipu kwa majirani wa Cabo Verde. Siku ya 83 kati ya zile 90 nikapakia tena vitu vile vile, kwa mpangilio ule ule, nikageuza gari.

Usiku wa kwanza nililala garini Vilar Formoso, mpakani mwa Ureno na Hispania. Asubuhi nikaingia stesheni ya treni kuomba choo, nikakuta kuta zimejaa vigae vya buluu, na pembeni kuna makumbusho ya wakimbizi waliopita pale mwaka 1940. Wengi walikuwa na viza za Aristides de Sousa Mendes, balozi mdogo wa Ureno kule Bordeaux, aliyegonga mihuri kwa maelfu ya watu wakati Salazar, mtawala wa Ureno, amekataza. Alivuliwa kazi, akafa maskini 1954. Bordeaux, Irun, Vilar Formoso: barabara niliyokuwa nimeipita nikiimba. Nilisimama pale muda mrefu. Shida yangu haikuwa kama yao hata kidogo, lakini tangu siku ile karatasi siichukulii tena kama jambo la kukamilisha baadaye.

Leipzig haikunipokea kwa urahisi. Ofisa akaweka kadi yangu mezani, akaweka Abmeldung pembeni yake, akauliza: "Ulihama, au ulisafiri?" Sheria yao iko wazi. Ukitoka kwa sababu isiyo ya muda, kadi inakufa. Ukitoka kwa muda lakini ukapitisha miezi sita, inakufa pia. Na Abmeldung niliyoisaini mwenyewe ilikuwa inasema nimehama. Nilihisi miguu imekuwa ya mtu mwingine. Kilichoniokoa ni bosi wangu wa zamani. Nilipompelekea barua ya kuacha kazi alikataa kuipokea, akaniandikia likizo bila malipo hadi Desemba, akasema, "Nenda ukaone kwanza." Karatasi yake hiyo moja ndiyo iliyonifanya niwe msafiri. Nikaingia kazini Jumatatu iliyofuata. Daueraufenthalt-EU nikaipata 2021, na vuli ile ile nikapita tena barabara ile, na masufuria yale yale. Ndiyo maana leo nawaandikia kutoka Lisbon.

2. Kabla ya barua ya kuacha kazi, omba likizo bila malipo. Sababu mmeiona hapo juu.

3. Abmeldung ni hatua ya mwisho. Usiifanye kabla hujajua kwamba nchi unayokwenda itakupokea.

4. Vyeti halisi vinakaa mwilini, kwenye mkoba wa kifuani. Kwenye AP-7, barabara kuu ya Hispania, ukishavuka mpaka wa La Jonquera kuna watu wanakupita wanakuonyesha kwa kidole kwamba tairi lako lina tatizo. Ndugu yetu mmoja alisimama, akashuka, akainama kuangalia tairi. Mlango wa abiria ulifunguliwa na kufungwa bila yeye kusikia. Begi lilikuwa na cheti cha kuzaliwa, vya shule na vya chuo. Baba yake mzee alihangaika ofisi hadi ofisi Dar es Salaam miezi kadhaa. Mtu akikuonyesha tairi, endelea mpaka kituo cha mafuta chenye watu.

5. Ufaransa, koti la kuakisi linakaa ndani unapolifikia, si kwenye buti chini ya mabegi. Tiketi ya péage, tozo ya barabara, shikilia, usiitupe kwenye mlango.

6. Leseni ya nyumbani inakufaa miezi sita tu tangu ufanye Anmeldung, yaani kujiandikisha kuwa mkazi, Ujerumani. Fanyeni mitihani yote miwili ya udereva, wa nadharia na wa barabarani, mkiwa bado mnaelewa mwalimu anasema nini, kwa sababu kurudia kwa Kireno nimeona watu wakilia.

7. Gari unalohamia nalo Ureno lina msamaha wa ISV, kodi ya magari, ukiomba ndani ya miezi 12. Tunza risiti ya kununulia. Na NIF, namba ya mlipakodi, ndiyo ya kwanza kabla ya laini ya simu, kabla ya pango, kabla ya kila kitu.

8. Ukikwama, piga simu. Hata saa tano usiku. Sipendi kupigiwa ukiwa Irun, napenda unipigie ukiwa bado Kassel, lakini piga.

Kijana alifika jana jioni, macho mekundu, na mkate wa Kifaransa mkononi kama zawadi. Nikampa wali wa nazi na samaki, akala sahani mbili bila kuzungumza. Kadi yake ni ya ajira, ina jina la mwajiri wa Kassel, miaka miwili. Abmeldung bado hajafanya, na bosi wake anajua yuko likizo ya wiki mbili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Jumapili anarudi. Masufuria na godoro anaviacha stoo kwangu, ameviandika jina kwa kalamu ya wino mzito.