Jibu: Bomba la 304L lenye weldi badala ya 304H kwenye boila

Ndugu, umeuliza kama bomba la chuma cha pua la 304L lenye mshono wa weldi linaweza kuchukua nafasi ya 304H lisilo na mshono, kwenye joto la nyuzi 580 za Selsiasi. Tafadhali usifanye hivyo.

Mshono wenyewe una dawa: kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo) za Marekani huruhusu bomba la weldi libebe asilimia 85 tu ya mkazo unaoruhusiwa kwa bomba lisilo na mshono, basi unaongeza unene. Shida ni hiyo L, yaani kaboni kidogo. Kuanzia nyuzi 540 hivi, chuma hiki kikibanwa na presha hutanuka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kipasuke. Kaboni husaidia sana kuzuia mwendo huo. 304H ina asilimia 0.04 hadi 0.10, 304L haizidi 0.035.

Fundi naye atumie waya wa kuchomelea wa 308H wenye feraiti (aina ya fuwele za chuma) kidogo. Feraiti ikizidi, joto la muda mrefu huigeuza kuwa sigma, aina nyingine ya fuwele ambayo ni ngumu lakini hukatika kama kioo, hasa boila ikishapoa.

Kabla ya kununua, dai cheti cha kiwanda usome kiasi cha kaboni.