Re: Taa ya chumvi ndogo inawaka. USIONGEZE CHUMVI KWANZA

Mkuu, weka chini huo mfuko. Umesema kioo cha mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi ya bwawa lako la kuogelea kinasoma ppm 2,100 (yaani sehemu 2,100 za chumvi katika milioni), taa ya chumvi ndogo inawaka, na jioni unamwaga kilo 50 za chumvi. Usimwage hata kijiko kabla hujapima maji yenyewe kwa kipimo kisichotegemea mashine hiyo. Cha matone au cha vijikaratasi, vyovyote.

Mashine haioni chumvi. Inapitisha umeme majini, inaangalia unavyopita, inasahihisha kwa joto inaloletewa na sensa, ndipo inatoa namba. Ukoko wa chokaa kwenye mabamba ya seli (kile kifaa maji yanamopita kutengenezwa klorini), seli yenyewe kuchoka, plagi iliyoingia unyevu, sensa mbovu: vyote vinaweza kukuwashia taa hiyohiyo. Na jua huchukua maji tu, chumvi inabaki bwawani. Kama hakuna bomba linalovuja, hujaosha filta mara kwa mara na mvua haijafurisha bwawa, hiyo chumvi imekwenda wapi?

Mimi fundi aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Kioo kikisema ongeza, we ongeza." Hakubeba kipimo, hakufungua seli. Tukamwaga, namba ikagoma kupanda, akasema tumwage tena! Kumbe sensa ya joto ilikuwa inaidanganya mashine kwamba maji ni ya moto kuliko yalivyo, basi hesabu ya chumvi inashuka. Kuja kupima kwa matone, ppm 4,800, wakati mashine inataka 3,200. Hakuna dawa ya kuweka ikapunguza chumvi, ni kutoa maji. Theluthi nzima ya bwawa ikaenda, pamoja na dawa ya kulinda klorini na jua iliyokuwamo, nayo ikabidi niiongeze tena. Hela ya ufundi alichukua yote. Fundi asiyetembea na kipimo cha chumvi asiguse bwawa la mtu.

Matone yakisema chumvi ipo ya kutosha, linganisha joto la kwenye kioo na kipimajoto cha kawaida. Yakipishana sana, zima umeme, chomoa sensa ya joto, pima ukinzani wake wa umeme kwa multimita. Nyingi husoma kiloomu 10 maji yakiwa nyuzi 25, lakini thibitisha kwenye kitabu cha mashine yako. Isiposoma kitu kabisa, imekufa.

Pima, kisha uniandikie hapa matone yamesema ngapi. Mfuko ukae stoo.