Usianze na kufuta seva

Umeuliza kama inatosha kusimamisha huduma ya gumzo na kufuta seva uliyokodi. Hapana ndugu, utajuta. Funga kwanza usajili wa wanachama wapya, kisha fanya vyumba vyote viwe vya kusoma tu na ubandike tangazo lenye tarehe ya mwisho. Wiki mbili hivi zinatosha watu kupakua vyao.

Kazi yenyewe iko kwenye nakala rudufu. Hifadhidata peke yake haitoshi: mara nyingi picha na mafaili hukaa kwenye folda nyingine, hifadhidata inatunza anwani zake tu. Niliwahi kurejesha gumzo la miaka mitatu nikakuta maneno yote yapo, ila kila picha ni kisanduku kitupu. Kwa hiyo jaribu kurejesha nakala hiyo kwenye mashine nyingine kabla hujafuta chochote.

Kama mnatumia Matrix (mfumo wa gumzo unaowezesha seva za watu tofauti kuwasiliana) na vyumba vimeunganishwa na seva za wengine, jumbe zitabaki huko hata ukizima kwako, waambie watu mapema. Na jina la kikoa (anwani ya mtandaoni uliyosajili) usiliache muda wake uishe upesi. Atakayelichukua anaweza kupokea barua pepe za kubadilisha nywila zilizokusudiwa kwako.