Ndama Akae na Mama Yake? Maswali Yenu

Nikimwacha ndama na mama yake kwa wiki kadhaa, si nitakosa maziwa ya kuuza?

Yatapungua, nisikufiche. Ndama anayenyonya atakavyo, akishapata wiki chache, humaliza lita 10 au zaidi kwa siku. Isitoshe, ng'ombe aliyezoea kunyonywa hubana maziwa kwenye mashine, kwa kuwa homoni ya oksitosini inayoyashusha hutoka vizuri zaidi akiwa na mwanawe. Utamwona amesimama anacheua, vikombe vinavuta hewa tupu. Mrudishie ndama na muda si mrefu povu jeupe linamjaa ndama mdomoni. Tena maziwa ya mwisho, yale yanayobaki kiweleni, ndiyo yenye mafuta mengi.

Mimi napendelea nusu siku: mchana wakae pamoja, usiku ndama atengwe, asubuhi mkamue kabla hawajakutana. Unauza kiasi cha kutosha, na ndama hukua haraka kuliko yule wa lita 4 au 5 za ndoo.

Akiwa na mama, bado nihangaikie dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa?

Hangaika sana. Kukaa pamoja si kunyonya. Ndama dhaifu, au mwenye mama ambaye kiwele chake kimening'inia karibu na magoti, anaweza kuzunguka nusu siku bila kuipata chuchu. Utumbo wake hupitisha kinga vizuri katika saa 6 za kwanza, na kufikia saa 24 umeshajifunga. Mwone kwa macho yako akinyonya. Ukiwa na shaka, mkamue mama umpe kwa chupa, lita 3 hadi 4 kama ni ndama wa ng'ombe mkubwa.

Banda langu ni la ng'ombe wakubwa. Nibadilishe nini?

Anza na sakafu. Nafasi za kupitishia samadi ambazo ng'ombe wakubwa hawazisikii kabisa hunasa kwato za ndama, na mashine ya kukwangua samadi inayojiendesha haimngoji aliyelala njiani. Kisha tenga kona ya ndama kwa fito: wao wapite chini, mama zao wasiweze. Weka humo matandiko makavu, maji, nyasi kavu na pumba kidogo. Anayeshiba maziwa huchelewa kula, hivyo chakula kiwe karibu na pale anapolala. Na tafadhali, chumba cha kuzalia kisiwe ndicho cha wagonjwa.

Kuwatenganisha mapema si kunazuia magonjwa?

Kuhara, kwa sehemu kubwa, ni suala la usafi na dang'a. Ugonjwa wa Johne, maradhi sugu ya utumbo wa ng'ombe, ndio tofauti: huenea kwa samadi na maziwa, wachanga ndio huupata kwa urahisi, na dalili hujitokeza miaka baadaye. Ukiwa nao kundini, usiwachanganye kabla ya kuongea na daktari wa mifugo.

Siku ya kuachisha wanalia usiku kucha. Nifanyeje?

Unamnyang'anya ndama vitu viwili kwa mpigo, maziwa na mama yake. Gawa. Mvalishe ndama kizuizi cha plastiki puani: atakula, atakunywa maji, atalala ubavuni mwa mama, ila kunyonya hawezi. Baada ya kama wiki moja, watenganishe. Kelele hupungua sana. Kagua pua kila siku, kwani kizuizi kinachobana huleta vidonda. Na usimwachishe ndama ambaye bado hagusi pumba, hata kama umri umefika.